Kulenga kwa kusimama au kwa egemeo: nijizoeze lipi kabla ya safari ya uwindaji?

Kijana wa Ngomeni:

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote mnaosoma.

Mimi ni mkaazi wa Malindi na nina leseni ya bunduki moja ya .30-06 yenye darubini, ambayo hadi leo nimeitumia katika uwanja wa shabaha wa klabu yetu tu, kwa kuwa hapa Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977 na sina nia yoyote ya kuuvuka mpaka huo. Mwezi wa Agosti, Inshallah, nitasafiri kwenda kusini mwa Tanzania, ambako uwindaji unaruhusiwa kwa leseni na ambako shemeji yangu ni mwindaji bingwa katika kitalu kimoja cha uwindaji. Yeye ndiye anayeshughulikia vibali vyote, vya bunduki na vya mnyama, na mnyama mwenyewe ni swalapala dume mmoja, basi.

Jambo linalonisumbua ni hili. Nikiketi mezani, bunduki ikiwa imelala juu ya vifuko vya mchanga, risasi zangu tano za mita 100 naweza kuzifunika kwa kikombe kidogo cha kahawa kilichopinduliwa. Nikisimama bila egemeo nakuwa mtu mwingine kabisa: Jumamosi iliyopita nilipiga risasi kumi kwa umbali huo huo, zikaingia nne katika sahani ya karatasi ya sentimita 20, na moja sikuiona hata kwenye ubao. Mkufunzi wetu ananiambia nisimame, nisimame tena, kwa sababu anayeweza kupiga akiwa amesimama hashindwi na mkao mwingine wowote. Shemeji naye amenipigia simu akasema nisipoteze risasi kwa kusimama bure, kwani huko porini nitapiga juu ya fimbo za miguu mitatu. Nimebakiwa na wiki kumi na risasi 120, na bei ya risasi mnaijua. Je, nizitumie vipi?

Shabaha Njema:

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nimefundisha ulengaji kwa miaka kadhaa, zaidi wa bunduki ya hewa na ile ndogo ya .22, na naona mkufunzi wako na shemeji yako wote wawili wamesema kweli, ila mmoja anazungumzia mazoezi na mwingine anazungumzia siku yenyewe, nawe umeyachukua maneno yao kama ni jibu la swali moja.

Kwanza usijilaumu kwa hizo risasi nne. Katika mashindano ya Olimpiki ya bunduki ya mita 50, mlengaji yule yule hupiga akiwa amepiga goti, kisha amelala kifudifudi, kisha amesimama, na hata mabingwa huona ugumu zaidi katika kusimama, ingawa wamevaa makoti magumu yaliyoshonwa kwa kazi hiyo na shabaha yao haina miguu ya kukimbilia. Ukilala, bunduki hubebwa na mifupa na ardhi. Ukisimama, hubebwa na misuli, nayo misuli haiwezi kutulia, moyo unapiga, pumzi inapanda na kushuka, na wakati huu wa kusi upepo nao unakusukuma kifuani. Mtikisiko huo hukua pamoja na umbali: msalaba wa darubini ukitangatanga juu ya duara la sentimita 10 katika mita 50, utatangatanga juu ya sentimita 20 katika mita 100 na sentimita 30 katika mita 150. Sehemu ya moyo na mapafu ya swalapala ni kama sentimita 15 kwa upana. Fanya hesabu hiyo mwenyewe na utaona kwa nini shemeji yako anasisitiza fimbo.

Hata hivyo nisingeacha kusimama, kwa sababu meza huficha makosa. Bunduki ikiwa juu ya mchanga, unaweza kukipokonya kifyatulio kwa pupa na risasi bado ikaenda mahali pazuri, kwa kuwa mchanga umeishika bunduki badala yako. Ukisimama hakuna wa kukusitiri. Walio wengi hukosa kwa kuwa wanausubiri msalaba upite katikati ya shabaha, na ukipita wanakivuta kifyatulio kwa ghafla ili wauwahi, na mvuto huo huo ndio unaoitupa risasi nje. Msalaba hautasimama, hata ungejizoeza miaka ishirini. Kubali utangetange katika duara dogo, nawe uendelee kukikaza kidole polepole mpaka mlio ukushtue mwenyewe.

Hilo halihitaji risasi hata moja. Kila jioni, kwa dakika kumi, toa risasi zote uzifungie katika chumba kingine, tazama chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho na uihakikishe kwa kidole, kisha lenga nukta ndogo kwenye ukuta wa mawe ambao nyuma yake hakuna mtu, ufyatue bila risasi. Mwombe mtu wa nyumbani akuwekee sarafu ya shilingi juu ya mtutu, karibu na mdomo wake. Ikianguka unapofyatua, umepokonya. Bunduki kama yako haidhuriki na mazoezi haya, lakini ukiazima .22, usiifyatue tupu bila ganda la bandia, yaani risasi isiyo na baruti, kwa maana pini yake inaweza kuugonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipuuza: simama ulenge, fumba macho, vuta pumzi mbili, kisha fumbua. Ukikuta msalaba umehamia kulia, usiuvute kwa mikono bali sogeza nyayo zako mpaka mwili wenyewe utake kutazama pale unapotaka kupiga.

Kuhusu zile risasi 120, mimi ningetumia 15 tu mezani, kuhakikisha darubini, na nisiirudie meza tena. Takriban 35 ningezipiga nikiwa nimesimama bila egemeo, tena kwa mita 50 na si 100, kwa kuwa katika mita 100 unajifunza kukata tamaa tu. Zilizobaki zote ziende kwenye fimbo, na chache kwenye goti na kuketi. Ukiketi, usiweke kiwiko juu ya mfupa wa goti, kwani mfupa juu ya mfupa huteleza kama gurudumu. Kipitishe mbele kidogo ili nyama ya mkono ikae juu ya goti. Rafiki akikupakilia risasi, mwambie achanganye ganda la bandia kimyakimya mahali usipopajua: bunduki ikilia "tak" bila kupiga, nawe ukaona mdomo wake umeinama, basi umejua kwamba unaliogopa teke la bunduki kabla halijaja.

Mzee wa Sabaki:

Mwanangu, nimesoma aliyoandika mwenzetu hapo juu na sina la kumpinga. Mimi si mkufunzi. Nilikuwa mbeba bunduki upande wa Galana nikiwa kijana, kabla uwindaji haujafungwa, na niliyoyaona kwa macho ndiyo nitakayokueleza.

Tulikuwa na mgeni mmoja aliyekuja na bunduki nzuri sana. Kambini aliegemea boneti ya gari akavunja chupa moja baada ya nyingine, nasi tukafurahi, tukasema huyu atatulisha. Siku ya pili tukamkuta kongoni amesimama ubavu, hatua kama themanini, anatutazama. Yule mgeni akainua bunduki pale pale alipokuwa, akapiga amesimama. Risasi ikaingia tumboni. Tuliifuata damu kutoka asubuhi mpaka magharibi, matone yakawa machache, kisha yakawa majani yaliyoinama tu, na giza likatukuta bila mnyama. Kesho yake tukawafuata ndege, tukakuta fisi wamekwisha kula. Sisi Waislamu wa kambi hatukupata hata kipande, kwa sababu mnyama aliyepigwa vizuri tungemfikia angali na uhai, tukamchinja kwa jina la Mwenyezi Mungu, lakini yule alikufa peke yake usiku, kwa maumivu, na nyama ikaenda bure. Hilo liliniuma kuliko kutembea siku nzima bila maji.

Sasa nisikilize. Niliporudi mahali pale, nikasimama aliposimama mgeni. Upande wake wa kushoto, hatua nne, palikuwa na mgunga wenye panda kwenye usawa wa kifua changu, kana kwamba umeota kwa ajili yake. Mgeni yule alikuwa hodari wa kuegemea, lakini alijizoeza kuegemea kitu ambacho mtu mwingine alimtayarishia. Kuutafuta mti kwa macho kabla ya kumtafuta mnyama, hilo hakuna meza inayolifundisha.

Kwa hiyo, zaidi ya risasi zako, fanya mazoezi haya ambayo hayana gharama. Unapotoka nyumbani kwenda msikitini au sokoni, mikono mitupu, bila bunduki na bila fimbo, jiulize kila baada ya hatua ishirini: akitokea mnyama pale mbele, mimi ningeegemea wapi? Nguzo ile? Ukuta? Mnazi ule ulioinama? Au ningeketi? Fanya hivyo kwa wiki kumi na macho yako yatazoea kuliona egemeo bila kuambiwa.

Tena ukiegemea mti au jiwe, usiulaze mtutu wenyewe juu ya kitu kigumu. Bunduki inaporuka hukikimbia kitu kigumu, na risasi huenda juu ya ulipolenga. Weka ule ubao wa mbele ulio chini ya mtutu, na chini yake weka kiganja chako, au kofia, au kikoi ulichokikunja. Tulikuwa tukiwaambia wageni hivyo kila siku, na kila siku alikuwako aliyesahau.

Na fimbo usinunue za bei ghali. Tafuta fito tatu, ndefu kukufikia kwenye paji la uso kabla hujazitanua, uzifunge kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, kiganja kimoja chini ya ncha. Ukizitanua, hapo juu patakuwa na panda ya kulaza bunduki.

Mtu wa Mokowe:

Salaam kwenu. Mimi niko Lamu bara na nina mambo mawili tu.

La kwanza ni la sheria, na naliandika kwa sababu wapo vijana wanaosoma bila kuuliza. Mazoezi haya yafanyike katika uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, si katika shamba la mjomba wala vichakani kuelekea Witu au Dodori. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haimwachii mtu nafasi ya kusema "nilikuwa najaribu bunduki tu" akiwa na mzoga miguuni, na huku kwetu, tangu operesheni ya usalama ilipoanza msitu wa Boni mwaka 2015, mlio wa risasi si sauti ya kupuuzwa. Askari watakuja, na watakuja wakiwa tayari.

La pili ni hizo fito. Namheshimu Mzee, lakini fito za huku kwetu huwa za mkoko, nazo ni nzito mno kwa mtu atakayetembea kutwa nzima, na mkono uliochoka kubeba fimbo ndio huo huo utakaoshika bunduki. Mwanzi mkavu unatosha, mwepesi, na haupigi kelele nyingi ukiufunga vizuri. Bunduki yenyewe nayo uifute kwa kitambaa chenye mafuta kila jioni, ndani ya mtutu na nje, kwani hewa ya chumvi ya huku haikawii kuleta kutu, nawe hutaki kufika Tanzania na mtutu ulioanza kulika.

Mzee wa Sabaki:

Mwanzi ni sawa, mwanangu wa Mokowe, nami nimekubali. Sisi tulikata tulichokikuta.

Kijana wa Ngomeni:

Ahsanteni sana. Sikutaka kujibu kwa maneno matupu, kwa hiyo nimengoja wiki sita zipite ili nilete matokeo.

Sarafu ilianguka kila nilipofyatua kwa siku nne za mwanzo, na sasa inaanguka mara moja au mbili kwa jioni. Ganda la bandia lilinifichulia jambo ambalo sikulitarajia: nilikuwa nikifumba macho. Mkufunzi wetu aliliweka mahali pa risasi ya tatu, bunduki ikagonga patupu, na mdomo wake ukashuka kiasi cha kiganja kizima, mbele ya wenzangu wote. Tuliyarudia mazoezi hayo Jumamosi tatu mfululizo, na kushtuka kumepungua sana.

Katika mita 50, nikiwa nimesimama bila egemeo, risasi tisa kati ya kumi zinaingia kwenye sahani, ambayo sasa nimeikata iwe ya sentimita 15. Katika mita 100 bado ni tano au sita, na kusi likivuma zinapungua. Kwenye fimbo za mwanzi, katika mita 100, zinaingia zote kumi, na nimerudia mara tatu. Hata hivyo nina shida mbili zilizobaki. Nikikimbia mita 50 kisha nikatanua fimbo, inanichukua muda mrefu kuzipanga, nami huanza kuhangaika na miguu yake badala ya kutazama shabaha. Na nikiwa juu ya fimbo, mbele pametulia kabisa lakini kitako cha bunduki bado kinayumba kushoto na kulia.

Shabaha Njema:

Umenifurahisha, ndugu. Usizitumie tena risasi kusimama katika mita 100. Matokeo yako yenyewe yamekwisha kukuwekea mpaka. Umbali ambao risasi tano za kwanza, mtutu ukiwa baridi na wewe ukiwa umetoka kutembea, zinaingia zote katika sentimita 15, huo ndio umbali wako kwa mkao huo. Kwa kusimama bila egemeo uhesabu kuwa ni mita 50, na ukikuta mnyama yuko mita 70 na huna fimbo wala mti, unashusha bunduki. Mwambie shemeji yako namba hizo mapema, kabla hamjaingia porini, ili asikuhimize kupiga unapojua huwezi.

Kuhusu kasi, fimbo zisibebwe zikiwa zimekunjwa kabisa. Jizoeze bila risasi: mguu mmoja wa fimbo utangulie kuelekea shabaha, miwili ibaki upande wako, mkono wa kushoto uikamate ile panda pamoja na ubao wa mbele kwa mshiko mmoja, na macho yasiangalie chini hata kidogo. Mara thelathini kwa jioni, na baada ya wiki mikono itajua yenyewe. Zitanue mpaka msalaba ukae juu ya shabaha bila wewe kujikunja wala kujinyoosha, kwa sababu mtu aliyejikunja huchoka baada ya sekunde chache. Toa nusu ya pumzi, izuie, na kama hujafyatua ndani ya sekunde saba au nane, pumua upya uanze tena, kwani ukiendelea kuibana macho huanza kupoteza ukali wake.

Kuyumba kwa kitako ni jambo la kawaida, kwa kuwa fimbo zimekupa egemeo moja tu na bunduki ina ncha mbili. Bana kiwiko cha kulia kwenye mbavu, sukuma uzito wako mbele kidogo kuelekea fimbo, na ukiwa karibu na mti, egemeza bega au nyonga kwenye mti huku bunduki ikiwa juu ya fimbo. Utashangaa tofauti yake. Wengine humwomba mwenzao asimame karibu wakaweka kiwiko cha kulia juu ya bega lake, nayo hiyo ni njia nzuri sana kama mwenzako ametulia.

Mzee wa Sabaki:

Kiwiko juu ya bega la mwenzako, sawa, kwa sababu yeye yuko nyuma ya mdomo wa bunduki. Lakini usikubali kamwe kuulaza mtutu juu ya bega la mtu aliye mbele yako. Nyasi za huko mwendako ni ndefu, fimbo nyingine husahaulika garini, na wasoma nyayo ni watu wema, wenye haraka ya kusaidia. Atapiga goti mbele yako na kukuonyesha bega lake ili uweke bunduki. Mimi niliwahi kufanya hivyo kwa ajili ya pofu mmoja mkubwa. Mgeni alipata pofu wake, tena kwa risasi moja, na watu wakapiga vigelegele ambavyo mimi sikuvisikia. Sikio hili la kulia halijarudi mpaka leo. Wajukuu wanajua waketi kushoto kwangu wakitaka kuzungumza.

Basi fimbo ubebe mwenyewe, usimpe mtu. Na ukishapiga, usiinue kichwa kumtazama. Pakia risasi ya pili bunduki ikiwa bado juu ya fimbo, uendelee kumlenga mpaka shemeji yako akwambie inatosha. Hapo ndipo mwenye kisu cha kumchinja atangulie, akimbie.